Lamar Jackson hajui kurusha? Angalia nani alikuwa akipanga mchezo

Kwa miaka mingi mashabiki wengi wa futiboli ya Kimarekani walidai Baltimore Ravens hawapigi pasi nyingi kwa kuwa kwotabeki wao (mchezaji anayeanzisha shambulizi na kurusha mpira), Lamar Jackson, ni mkimbiaji tu. Si kweli. Mwaka 2019, kocha wa mashambulizi Greg Roman alipanga mchezo wa kukimbia, timu ikapata yadi 3,296 kwa kukimbia na mpira, rekodi ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo. Hata hivyo Jackson aliongoza ligi kwa pasi 36 za tachidauni, yaani za kufunga! Todd Monken akaja 2023 kuchukua nafasi ya Roman, akawatawanya zaidi uwanjani wapokeaji wa pasi. Msimu wa 2024 mkono ule ule wa Jackson ulirusha yadi 4,172 na tachidauni 41. Pasi 4 tu zikanaswa na wapinzani. Derrick Henry, mkimbiaji wa timu, naye alisaidia: mabeki wa wapinzani walisogea mbele kumzuia, nafasi zikafunguka nyuma yao.