Askari kanzu halazimiki kukiri kuwa ni polisi

Nchini Marekani wengi huamini kwamba ukimuuliza mnunuzi wa dawa za kulevya "wewe ni polisi?" naye akakana, kesi itafutwa. Si kweli, na imani hiyo imewaponza watu. Hakuna sheria inayomlazimisha askari kanzu kujitambulisha, na uongo huo pekee si mtego haramu. Tangu kesi ya Sorrells, 1932, mahakama za shirikisho huuliza jambo jingine: je, polisi ndio waliopandikiza wazo la uhalifu kwa mtu asiyekuwa na mwelekeo huo? Katika kesi ya Jacobson, 1992, Mahakama ya Juu ilitengua hatia kwa sababu serikali ilimshawishi mshtakiwa kwa zaidi ya miaka miwili.

Kesi za vikosi vya kupambana na dawa za kulevya huyumba zaidi kwa uzembe. Kabla ya ununuzi, mtoa habari anayetumwa na polisi kununua dawa hupekuliwa mwilini na garini, namba za noti hunakiliwa, kisha hufuatiliwa hadi arudi na kupekuliwa tena. Wakimpoteza machoni hata dakika chache, wakili atauliza dawa zilitoka wapi. Kifurushi kisicho na lakiri na saini ya kila aliyekipokea hutiliwa shaka, hata maabara ikithibitisha kilichomo.