Bunka la tiba mionzi huanza na majirani zake

Siku hizi kila chumba chenye alama ya mionzi mlangoni kinaitwa bunka. Cha eksirei bunka, cha CT nacho bunka. Wengine huongeza kwamba kuta zake zimejazwa madini ya risasi ili mionzi "iliyohifadhiwa humo" isitoroke. Hapana, jamani.

Bunka ni chumba cha zege kinachojengewa mashine ya tiba mionzi, ili mionzi ikipenya ukuta imfikie mtu wa upande wa pili ikiwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Basi. Na hakuna kinachohifadhiwa: LINAC, yaani mashine ya tiba inayozalisha mionzi kwa umeme, ikizimwa inaacha kutoa mwale. Ni mashine ya kobalti ndiyo ambayo chanzo chake hutoa mionzi usiku na mchana, nacho hulala ndani ya kasha lake.

Risasi ni ya chumba cha eksirei, ambako bamba la milimita chache linatosha. Mwale wa LINAC ya megavolti 6 (kipimo cha nguvu ya mwale) ni habari nyingine. Sentimita kama 37 za kwanza za zege la kawaida huupunguza hadi sehemu ya 10, na kila sentimita 33 zinazofuata huupunguza hivyo tena. Ukifika mita 2 umeshaupunguza karibu mara milioni. Mashine zinazozidi megavolti 10 huzalisha na nyutroni, chembe zisizo na chaji, ambazo risasi haizisumbui sana. Kinachozipunguza mwendo ni maji yaliyofungwa ndani ya zege lenyewe.

Lakini unene si jambo la kwanza, na hapa ndipo watu wanaponikera. Unene ni jibu la hesabu, na hesabu huanza kwa kuuliza nani yuko nyuma ya ukuta. Kiwango cha mwananchi wa kawaida ni milisivati 1 (kipimo cha mionzi inayompata mtu) kwa mwaka. Nyuma ya ukuta kukiwa na ofisi, mtaalamu wa fizikia tiba huhesabu kwamba mtu yupo muda wote; korido hupewa 1/5 ya muda huo, stoo au choo 1/20. Kwa hiyo stoo ikigeuzwa maabara, ukuta uleule unadaiwa sentimita 40 na zaidi za zege, na zege haliongezwi kama rangi.

Mbeya jambo hili lina uzito wake. Hospitali ya Rufaa ya Kanda na kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ni majirani, hivyo wazo la jengo moja la tiba na utafiti wa saratani huja lenyewe, hasa ukikumbuka mgonjwa anayesafiri zaidi ya kilomita 800 kufuata mionzi Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Mteremko nao unasaidia: bunka likichimbiwa ubavuni mwa kilima, udongo unabeba sehemu ya kazi ya ukuta, na chini ya sakafu hakuna mtu wa kukingwa.

Juu ndiko kwenye mtego. Kichwa cha LINAC huzunguka kitanda duara kamili, hivyo mwale hupiga ukuta wa kushoto, paa, ukuta wa kulia na sakafu, na mkanda mzima unaopigwa moja kwa moja huongezwa unene. Hata bomba la nyaya halipitishwi ukutani likiwa limenyooka. Hupita kimshazari, mbali na mkanda huo. Sasa mweke juu ya paa hilo mtafiti anayekuza seli, anayeshinda maabara tangu asubuhi mpaka jioni. Paa lililohesabiwa kwamba halina mtu halimfai hata kidogo.

Kwa hiyo mheshimiwa akisema kwenye kikao, "Tumalize bunka kwanza, maabara tutaipandisha juu fedha ikipatikana," msimcheke. Mwombeni tu aandike kwenye ramani, kabla ya zege kumwagwa, ni nani atakaa huko juu na kwa saa ngapi kwa siku.