Bakteria rafiki na ganda la kuwavusha tumboni: maswali na majibu

Kwa nini bakteria hawa wanahitaji ganda?

Probayotiki ni bakteria au hamira hai wanaomezwa kwa faida ya afya, na kazi yao kubwa iko kwenye utumbo. Kabla ya kufika huko hupita tumboni, ambako pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi ni kali zaidi) ya mtu mwenye njaa huwa kama 1.5 hadi 3.5. Wengi wa jamii ya Lactobacillus na Bifidobacterium hufia hapo. Waliosalimika hukutana na nyongo, inayobomoa utando wa seli zao.

Ganda lenyewe linatengenezwaje?

Malighafi inayotumika sana ni alijineti, inayotolewa kwenye mwani wa kahawia. (Mwani unaolimwa Unguja na Pemba ni mwekundu, nao hutoa kitu kingine cha kugandisha, karajinani.) Alijineti huyeyushwa majini kwa kiasi cha asilimia 2 hivi, bakteria wakachanganywa humo, kisha mchanganyiko hudondoshwa kwenye maji yenye kloridi ya kalsiamu. Tone likigusa kalsiamu huganda papo hapo na kuwa punje laini yenye bakteria ndani. Kwenye asidi punje hujikaza. Ikifika kwenye utumbo, asidi ikishapungua, huvimba na kufunguka.

Tatizo ni kwamba punje hizo zina vitundu, na asidi hupenya taratibu. Kwa hiyo mara nyingi huongezwa tabaka la pili la kitosani, itokanayo na magamba ya kamba na kaa. Ukubwa nao una mashaka yake: punje ndogo mno hulinda kidogo, na ikizidi milimita 1 mlaji huihisi kama mchanga mdomoni.

Njia nyingine ni kupaka kapsuli yenyewe utando usioyeyuka mpaka pH ipande juu ya 5.5.

Naweza kuifungua kapsuli nikamwagia mtoto kwenye uji?

Muulize mfamasia kwanza kinga iko wapi. Kama iko kwenye kapsuli, ukiifungua umeiondoa. Kama iko kwenye punje za ndani, mwaga bila kusaga, na mtoto asitafune. Uji uwe umepoa kabisa. Unaofuka mvuke unaua bakteria hata wakiwa na ganda.

Je, kila aina inahitaji ganda?

Hapana. Bacillus clausii huuzwa akiwa katika hali ya spora, yaani amelala ndani ya gamba lake mwenyewe, ngumu kiasi cha kustahimili asidi bila msaada. Saccharomyces boulardii ni hamira: antibiotiki haziiui, ila dawa za fangasi kama flukonazoli huidhuru. Bakteria wa kawaida, hata wenye ganda, wamezwe angalau saa 2 mbali na antibiotiki.

Mbona muda haujaisha na dawa haifanyi kazi?

Mara nyingi ni unyevu. Bakteria hukaushwa ili walale; unyevu ukiingia huamka, hawana chakula, hufa. Usitupe kile kipakiti cha kunyonya unyevu. Chupa ikitoka kwenye friji, iache imefungwa mpaka ubaridi uishe, la sivyo mvuke wa hewani utageuka maji ndani yake. Na unaponunua, angalia kama idadi ya bakteria iliyoandikwa ni ya siku ya kutengenezwa au ya mwisho wa matumizi. Hiyo ya pili ndiyo ya kuamini.

Nani asimeze bila daktari?

Watoto njiti, wenye kinga dhaifu sana, na wagonjwa wenye mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, kwani bakteria hawa wanaweza kuingia kwenye damu. Mtoto anayeharisha apewe ORS na zinki kwanza. Probayotiki haichukui nafasi yake.