Namba ya marudio haisemi mwaka utakaoacha kutembea

"Marudio yangu ni 780, nimebakiza miaka mingapi ya kutembea?" Swali hili hufuata karibu kila jibu la kipimo cha jeni cha ataksia ya Friedreich, ugonjwa wa kurithi wa neva unaoharibu mwendo, na limetuchosha. Karatasi ya maabara haina mwaka wowote ndani yake.

Kinachohesabiwa ni herufi GAA zinavyojirudia ndani ya jeni ya FXN, kromosomu ya 9. Asiye na tatizo huwa na chini ya 33. Wagonjwa wengi wana kati ya 600 na 1,200. Marudio yakizidi, jeni hunyamazishwa na protini ya frataksini hupungua, kisha seli za neva na za moyo zinakosa nguvu. Ni kweli kwamba marudio yakiwa mengi dalili huja mapema: kwa wastani, kila 100 za ziada hutangulia kwa miaka 2 hivi. Lakini wastani ni wa kundi, si wako. Urefu wa marudio unaeleza karibu nusu tu ya tofauti za umri wa kuanza kuugua. Ndugu wa tumbo moja wenye namba zinazokaribiana hupishana kwa miaka kadhaa. Isitoshe, marudio marefu hupimwa kwa makadirio, kwa hiyo 780 na 820 usizione kuwa vitu viwili. Tena kilichopimwa ni damu, ilhali ndani ya neva na moyo urefu unaweza kuwa mwingine.

Halafu watu hushika namba isiyo yenyewe. Ripoti ina namba mbili, moja kwa kila nakala ya jeni, ya baba na ya mama, tuseme 450 na 1,050, na familia nzima inalilia 1,050. Inayoendana zaidi na umri wa kuanza ni ile fupi, kwa kuwa nakala hiyo bado inatoa frataksini kidogo. Wapo wenye nakala fupi ya chini ya 500 walioanza kuyumba baada ya miaka 25. Kujumlisha na kugawa kwa mbili hakusaidii chochote. Na mwenye dalili kamili akiambiwa ni nakala moja tu iliyorefuka, asirudishwe nyumbani kama mbebaji, yaani mwenye nakala moja mbovu asiyeugua: jeni yote isomwe, maana nakala ya pili huenda ina kosa la aina nyingine.

"Namba yangu ni ndogo, moyo wangu salama." Hapana. ECG (kipimo cha umeme wa moyo), eko (picha ya moyo) na sukari ya damu hupimwa kila mwaka, namba iwe yoyote.

"Rafiki yangu ana 22 na anaumwa, mimi nina 22 nimeambiwa mzima." Mmepimwa jeni tofauti. SCA ni ataksia nyingine za kurithi, kila moja na jeni yake, na kwenye hizi herufi zinazojirudia ni CAG: marudio 22 ni ugonjwa kwenye SCA6, na ni kawaida kabisa kwenye SCA3.

"Mwanangu ataanza mapema kuliko mimi." Kwa Friedreich mtoto hurithi kwako nakala moja tu, na haugui isipokuwa mzazi mwenzako naye ampe nyingine mbovu. Hofu hiyo ni ya haki kwenye SCA7, inayojulikana sana Afrika Kusini. Katika SCA7 marudio hurefuka yakipita kwa mzazi, hasa baba, na mtoto anaweza kuugua kabla ya baba yake. Yakifika 59 na kuendelea, mara nyingi macho hutangulia. Chini ya hapo, hutangulia mwendo.

"Wazazi wangu wazima, basi si la kurithi." Wote wawili ni wabebaji, ndiyo maana ni wazima. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa, na ndoa za mabinamu huongeza uwezekano wa wabebaji wawili kukutana.

Ombi moja kwa wanaoandika vipimo: Friedreich ni nadra mno kwa watu ambao asili yao yote ni kusini mwa Sahara. Kabla familia haijachangishana fedha za kipimo cha jeni, pima vitamini E na B12. Upungufu wa kurithi wa vitamini E hufanana sana na Friedreich, na huo una dawa: vitamini E yenyewe, dozi kubwa, maisha yote.