Seva ya sauti kwenye Linux ni kitu gani, na kwanini maiki ya laptopu inakaa kimya

Ukisikia mtu analalamika "maiki imekufa tangu niweke Linux" usikimbilie kumwambia akanunue nyingine, maana mara nyingi maiki yenyewe ni nzima kabisa na inasikia kila kitu, kinachogoma ni yule wa katikati anayetakiwa kuipokea ile sauti na kuifikisha kwenye programu inayorekodi. Huyo wa katikati ndo anaitwa seva ya sauti. Ukishamwelewa, shida nyingi za maiki utazimaliza mwenyewe ukiwa umekaa nyumbani.

Hapa Tanga jambo hili limekuwa la kawaida sasa hivi. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, laptopu nyingi za mtumba haziruhusiwi kuingia Windows 11, basi fundi anakuwekea Linux ya aina ya Ubuntu au Mint, mashine inakuwa nyepesi, muvi zinacheza, unafurahi wee mpaka siku unataka kurekodi kaswida ya madrasa au kuingia darasa la Zoom, unaongea, wenzio wanakuandikia "hatukusikii".

Pale soko la samaki la Deep Sea mvuvi akishusha mzigo hahangaiki kumuuzia kila mama lishe anayepita, kuna mnadishaji amesimama katikati anajua mzigo gani umeingia na nani anataka nini. Seva ya sauti inafanya kazi hiyo hiyo: upande mmoja kuna maiki zako zote, ya ndani ya laptopu, ya hedifoni, ya USB, na upande mwingine kuna Zoom, Audacity ya kurekodia, kivinjari, na seva ndo inaamua sauti ya maiki ipi iende kwa nani na kwa ukubwa gani. Bila yeye programu moja ikishika maiki, nyingine zinaweza kuambiwa kifaa kiko bize.

Chini ya seva kuna ALSA, hizi ni draiva (programu za kuendesha vifaa) zilizomo ndani ya keneli yenyewe, yani kiini cha Linux, zimeingia rasmi na keneli 2.6 mwaka 2003, na ndo zinaongea na kadi ya sauti moja kwa moja. Juu yake kwa miaka mingi ilikaa seva inayoitwa PulseAudio, kazi ya Lennart Poettering, Ubuntu iliipokea kwenye toleo 8.04 la mwaka 2008 na watu walitukana sana kipindi kile. Siku hizi nafasi hiyo imechukuliwa na PipeWire, aliyeianzisha ni Wim Taymans wa Red Hat, Fedora 34, Linux ya aina nyingine, ikahamia huko 2021, Ubuntu 22.10 ikafuata 2022, Mint 22 ikaja 2024. Nayasema haya kwa sababu moja tu, ushauri mwingi unaoukuta mtandaoni ni wa enzi za PulseAudio, utaambiwa andika `pulseaudio -k` kuiua seva ili iwake upya, na kwenye mashine yenye PipeWire hiyo amri haina wa kumuua. Kujua una ipi andika `pactl info` kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uangalie mstari wa Server Name, ukiona neno PipeWire humo ndani basi ndo hiyo. Kuiwasha upya ni `systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`, na usiweke sudo, neno la kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, seva hii ni ya mtumiaji aliyeingia, sio ya mashine nzima.

Sasa swali la kujiuliza ni moja: sauti inapotelea wapi, chini ya seva au juu yake? Funga programu zote zinazogusa maiki, andika `arecord -l` uone orodha ya vifaa vya kurekodi ambavyo keneli inaviona. Kila kimoja kina namba ya kadi na namba ya kifaa. Kama ni kadi 0 kifaa 0 unaandika `arecord -D plughw:0,0 -f cd -d 5 jaribio.wav`, unaongea kwa sekunde 5, kisha `aplay jaribio.wav`. Hapa umempita seva, umechukua sauti mlangoni kwa ALSA. Ukijisikia, maiki ni nzima na draiva ni nzima, acha kabisa kugusa keneli, tatizo liko juu. Usipojisikia, hata ukibadilisha setingi za Zoom mpaka usiku hutapata kitu. Watu wengi wanaruka jaribio hili halafu wanabadilisha vitu kumi kwa mpigo, mwisho maiki inarudi na hakuna anayejua kilichoirudisha, au hairudi na sasa hata spika zimenyamaza.

Tukianza na juu, ambako ndo kwenye vituko. Seva haioni maiki tu, kila spika nayo inatengenezewa chanzo chake cha kurekodia kinachoitwa monitor, kazi yake ni kunasa kile kinachotoka kwenye spika. Ni kitu kizuri sana ukitaka kurekodi sauti ya video inayocheza. Shida ni kwamba seva ina kumbukumbu. Jana ulirekodi skrini ukachagua monitor, leo unafungua programu ile ile uongee, seva inakumbuka ulichochagua jana inakupa monitor tena, na kwa kuwa hakuna kinachocheza kwenye spika unapata faili la kimya kitupu, yani mstari umenyooka kama reli. Unaenda kwenye setingi za mfumo, maiki pale inacheza vizuri, unachanganyikiwa. Dawa ni programu inaitwa pavucontrol, unaiweka kwa `sudo apt install pavucontrol` na inafanya kazi hata na PipeWire. Anza kurekodi kwanza, kurekodi kukiwa kunaendelea ndo ufungue tabu ya Recording, maana kabla ya hapo tabu hiyo ni tupu na watu hudhani imeharibika. Pale utaona jina la programu na pembeni yake chanzo inachotumia, badilisha hapo hapo uweke maiki yako.

Bluetooth nayo ina kisa chake. Ile hali inayokupa mziki mzuri masikioni, A2DP, haibebi maiki, sauti inaenda upande mmoja tu. Ukitaka kuongea lazima kifaa kihamie HSP au HFP, hali za kupigia simu, na hapo ubora unashuka mpaka mziki unasikika kama unatoka kwenye simu ya mezani. Huo sio ubovu wa Linux, ndo hali zenyewe zilivyo. Ushauri wangu kwa anayerekodi kitu cha maana, sikiliza kwa Bluetooth ukipenda ila ongea kwenye maiki ya waya.

Na kama programu uliiweka kwa Snap, njia ya Ubuntu ya kuweka programu zikiwa zimefungiwa peke yake, inaweza kuwa imefungiwa isiguse maiki. Andika `snap connections` ukifuatisha jina la programu, utafute mstari wa audio-record, ukikuta upande wa pili kuna kistari tu basi haijaunganishwa.

Haya, tushuke chini sasa, kule ambako arecord imerudi na kimya. Kabla ya chochote angalia kitufe, laptopu nyingi za ofisini zilizofika huku kama mtumba, ThinkPad hasa, zina kitufe cha kuzima maiki chenye kitaa, na hata kwenye BIOS, setingi za mashine zinazofunguliwa kabla mfumo haujawaka, kuna sehemu ya kuizima kabisa, mwenye mashine wa kwanza huko alikotoka anaweza kuwa aliizima. Baada ya hapo andika `alsamixer` kwenye terminali, bonyeza F6 uchague kadi halisi kwa jina lake, usibaki kwenye ile ya kwanza inayosema PipeWire, kisha F4 uone upande wa kurekodi. Kwenye Capture bonyeza spesi mpaka neno CAPTURE liwake, panda na mshale. Ile Mic Boost, ya kuongeza nguvu ya maiki, iguse kidogo tu, ukiijaza utarekodi feni la laptopu na bodaboda zote za barabara ya kumi na mbili Ngamiani kabla ya kujirekodi wewe.

Kama arecord -l haikuonyesha maiki ya ndani kabisa, na laptopu ni ya kuanzia 2019 hivi kuja juu yenye Intel, fikiria maiki za kidijitali. Hizi hazipiti kwenye chipu ya zamani ya sauti, zimeunganishwa na prosesa ndogo ya sauti iliyomo ndani ya chipseti, na hiyo inahitaji fimwea yake, yani programu inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe, inayoitwa Sound Open Firmware. Bila fimwea maiki haionekani popote, na mara nyingine hata spika zinanyamaza. Kwenye Linux ya Debian pakiti inaitwa firmware-sof-signed, kwenye ile ya Arch ni sof-firmware, weka halafu zima mashine uwashe. Ikikubali utaona kwenye orodha kifaa chenye jina DMIC. Na kama kuna mtu alishakushauri uandike `dmic_detect=0` kwenye faili la folda ya /etc/modprobe.d ili spika zilie, basi umepata mchawi wako, mstari huo unarudisha spika kwa kulazimisha draiva ya zamani, ambayo maiki hizo haizijui. Ufute, weka fimwea.

Kuna hitilafu moja naipenda kwa ujeuri wake. Baadhi ya laptopu zinatoa sauti ya maiki kwa chaneli mbili ambapo ya kulia imegeuzwa kinyume cha ya kushoto. Ukirekodi kwa stirio unasikika, lakini programu za kupiga simu kama Zoom zinajumlisha chaneli mbili kuwa moja, na kitu ukikijumlisha na kinyume chake unapata sifuri, kwahiyo Audacity inakusikia na Zoom haikusikii, maiki ile ile. Ingia pavucontrol, tabu ya Input Devices, bonyeza kile kikufuli kutenganisha chaneli, shusha ya kulia mpaka sifuri. Imeisha.

Ukishindwa kote huko ukaamua kuuliza mtu, mtumie majibu ya `arecord -l`, ya `wpctl status` kama una PipeWire, na aina ya laptopu yako, yakiwa maandishi sio picha ya skrini uliyopiga na simu kwa pembeni, na umwambie lile jaribio la sekunde 5 lilikuwaje, kwa sababu hilo ndo atakalokuuliza kwanza.