Vibiongo wa Callot: mwaka 1616 sio cheti cha karatasi yako

Jamani, naandika hii kwa sababu meseji zimezidi. Nafanya kazi kwenye chumba cha michoro iliyochapwa cha makumbusho moja huku Ulaya, na ndugu zetu waliogundua kuna Mswahili ndani wamenifanya dawati la malalamiko. Mtu kanunua kibiongo, yaani moja ya zile picha ndogo zilizochapwa za watu wenye nundu mgongoni, kazi ya mchoraji Jacques Callot, kwenye soko la mitumba au onlaini, kaona kimeandikwa 1616, kalipa hela ya maana, halafu fundi fremu kamwambia ni kopi, sasa anataka sisi tumbishie fundi.

Najua wengi mnanunua kwa nia njema. Ila huo mwaka mnausoma vibaya.

Ukurasa wa mbele wa ile seti ya Jacques Callot, Varie Figure Gobbi, unasema kazi ilifanywa Firenze, Italia, mwaka 1616, na papo hapo unasema imetolewa Nancy, mji ambao leo uko Ufaransa. Callot alirudi Nancy 1621, baada ya mtawala wa Firenze aliyekuwa akimlipa, Cosimo II de' Medici, kufariki na mambo ya jumba la kifalme kubana, kwa hiyo hata chapa (karatasi zilizochapwa) za kwanza kabisa zenye ukurasa huo sio za 1616. Mwaka huo ni wa ubunifu. Bati la shaba la kuchapia picha hizi likishachorwa na kung'atwa na asidi linachapa leo, linachapa kesho, linachapa mchoraji akiwa kaburini (Callot alifariki 1635) na herufi ni zilezile. Na waigaji walianza mapema, wakichora mabati yao wenyewe, wengi picha zikawatokea kinyume, mkono wa kulia umekuwa wa kushoto.

Wala sio Callot peke yake. Ile picha ya samaki wakubwa kula wadogo, iliyotolewa Antwerp 1557 na mchapishaji Hieronymus Cock, imeandikwa kwamba mbunifu ni mchoraji maarufu Bosch, ambaye alikuwa amekufa tangu 1516, wakati mchoro wenyewe wa mkono upo makumbusho ya Albertina, Vienna, una mwaka 1556 na ni wa mchoraji mwingine, Pieter Bruegel. Jina la Bosch lilikuwa linauza. Halafu Paris 1565 kikatoka kitabu cha picha 120 za vituko, watu wenye pua za mrija na matumbo ya pipa, kikapewa jina la mwandishi Mfaransa Rabelais, naye alishazikwa miaka 12 nyuma. Wachapaji walikuwa wafanyabiashara bana, msiwafanye malaika.

Na nyie mnaosambaza skrinshoti kwamba hawa vibiongo ni majini au mambo ya Frimasoni, hapana, tafadhali, tumeshasema. Ni wachekeshaji. Majumba ya wakubwa Italia yalikuwa na vibete na vibiongo wa kuburudisha wageni, na Callot kawachora wanapiga fidla, wanalewa, wanachomoa panga, mmoja ameshika wavu wa kuchomea nyama anaupiga kama fidla na uso wake umetulia kama yuko kwenye orkestra ya maana. Mi huyo ndo nampenda kuliko wote. Kwamba kumcheka mlemavu kunaudhi, ni kweli kunaudhi, na anayeuliza hilo namjibu kwa heshima, ila anayeniuliza pembe ziko wapi sina jibu.

Sasa utaratibu. Hatutoi bei, hatuandiki cheti, tunaangalia tu. Unaomba miadi kwa maandishi, unakuja na kitambulisho chenye picha ambacho hakijaisha muda, jina liwe lilelile uliloombea miadi, begi na koti vinabaki kabatini, mikono unanawa na kuikausha kabisa, losheni hapana. Glavu za pamba hatutaki, zinakwaruza karatasi na vidole vinakosa hisia. Penseli tu, kalamu ya wino ikionekana mezani ni onyo, mara ya pili unatoka na jina linafungiwa, na flashi ya simu vilevile, maana tukitundika karatasi hizi taa haizidi laksi 50 (kipimo cha mwanga, na hapo ni hafifu) na baadae zinarudi gizani kupumzika. Ukiondoka na karatasi yetu ni polisi, hapo hakuna onyo. Kupiga picha bila flashi ruksa, kuzitumia pia: kazi hizi hazina hakimiliki tena, na Umoja wa Ulaya toka 2019 umesema nakala aminifu ya kazi kama hiyo haipati hakimiliki mpya, kwa hiyo anayekuuzia leseni ya kibiongo muulize vizuri.

Kabla ya kuja, ipime mwenyewe nyumbani. Chapa yenyewe ni ndogo, inakaribia ukubwa wa kitambulisho chako, kama yako imejaa ukuta usisumbuke na nauli. Chukua lenzi, ukiona vidoti vilivyopangika kama kwenye gazeti, ni chapa ya kiwandani. Kisha inyanyue usawa wa dirisha, karatasi ya enzi ile inaonyesha mistari ya ule wavu wa kutengenezea karatasi, na karatasi isiyo na mistari huku Ulaya ilikuja katikati ya miaka ya 1700.

Ukituma picha, tuma mbili, moja ya mbele na moja mwanga ukitokea nyuma. Na itoe kwenye fremu kwanza, zilizopigwa kupitia kioo hatuzisomi.