Je, wajua? Firdausi ilianza kama ukuta wa udongo

Marehemu anapoombewa Pepo ya Firdausi, waitikiao "amina" hawana sababu ya kufikiria ukuta wa udongo. Lakini neno lilianzia hapo.

Ni neno la Kiirani cha kale, na wanaisimu huliandika *paridaiza. Hiyo nyota ya mbele ni ungamo: neno lenyewe halijakutwa limeandikwa kwa umbo hilo, limeundwa upya kwa kulinganisha watoto na wajukuu wake. Pari ni "kuzunguka". Daiza ni ukuta, kutokana na mzizi wa kale zaidi wenye maana ya kukanda udongo. Waingereza waliurithi mzizi huohuo katika neno lao la unga uliokandwa.

Katika Avesta, maandiko ya Wazoroasta, neno hili halitamaniki hata kidogo. Ni ua anamofungiwa mtu aliyebeba maiti peke yake, kwa kuwa amepata najisi.

Wafalme wa Uajemi nao wakazungushia kuta miti yao na mawindo yao. Xenophon, Mgiriki aliyemfuata Cyrus Mdogo, mwanamfalme wa Uajemi, vitani mwaka 401 KK, anaitaja paradeisos (ndivyo Wagiriki walivyolitamka neno hilo) ya Kelainai, mji uliokuwa katika Uturuki ya leo: kubwa, imejaa wanyama wa porini, na Cyrus akiwawinda juu ya farasi. Maana ilikwisha kuruka ukuta ikaingia ndani. Si ajabu; boma letu nalo lilikuwa uzio, na leo aliyeitwa bomani anakwenda kumkuta mkuu wa wilaya.

Karne ya 3 KK, Wayahudi wa Alexandria walipoitafsiri Torati kwa Kigiriki, bustani ya Edeni wakaiita paradeisos. Hapo ndipo neno liliposhika njia ya mbinguni. Kilatini kikalichukua, ndiyo maana wako wanaosema Paradiso. Kiarabu hakina p, kikaweka f: firdaws, neno linalokuja mara mbili katika Qurani, Al-Kahf aya ya 107 na Al-Muuminun aya ya 11. Wataalamu wengi huona kwamba umbo la kigeni lilisikika kama wingi, faradis, likatungiwa umoja wake. Sisi tulifanya kinyume chake: tulipokea kitabu, tukakitungia vitabu.

Kwa Kiebrania cha leo, pardes ni shamba la michungwa na jamii zake. Na huko Iran kwenyewe, rd ya kale iligeuka l, likabaki paliz: bustani ya mboga na matikiti.